Msiba Usioandikishwa

Kwa muda wa wiki tatu hakuna mtu aliyekufa. Si Luena, si Malemba-Nkulu, wala kwenye vijiji vilivyo kati ya huko na Kamina. Watu walisalimiana, waliulizana habari za samaki wakavu na mihogo, walitaka kujua kama mtoto ameanza kutembea. Kufa, hapana. Niliyaona hayo kwenye kioo cha kompyuta niliyoiandikia programu mimi mwenyewe, na nikafurahi. Nilimwambia mke wangu kwamba tangu programu yangu ianze kazi, hata kifo kimejifunza adabu. Mke wangu hakumaliza shule ya msingi. Alisema kifo hakina likizo, akaendelea kupepeta unga. Mimi nilimaliza sekondari, kwa hiyo sikumsikiliza.

Kompyuta hiyo ilikuwa kwenye nyumba ya phonie karibu na stesheni yetu ya Kamina. Phonie ni redio ya kutumiana habari za mbali. Simu za mkononi tunazo kama watu wengine, lakini mnara wa Luena hulala kila mafuta yanapokwisha, na vijiji vingi havijawahi kuwa na mnara wa kulala. Hivyo watu bado huja kwa phonie. Mwenye nyumba ni mama mjane, mtu wa Kasai, mdogo wangu kwa miaka kama kumi na mitano. Zamani alikuwa anapaza sauti kwenye redio kutwa nzima, na mtaa mzima ukajua nani amezaa na nani ameachwa. Hakuna aliyelalamika. Kwa salamu na samaki, kelele haidhuru.

Msiba ndio usiopigiwa kelele. Kwetu habari ya kifo haiendi moja kwa moja kwa mwenye msiba. Hupewa kwanza mtu mzima mwenye kifua, naye huenda nyumbani kwa mwenye msiba, humwambia keti, kisha husema polepole. Anayemtupia mwenzake kifo usoni ataitwa na ukoo ajieleze. Yule mama alikuwa anaandika vifo kwenye karatasi na kuificha ndani ya kitenge mpaka ampate mtu wa kumtuma. Aliniuliza kama kompyuta inaweza kutunza siri kuliko kitenge. Nilimjibu kwamba inaweza mambo mengi. Wakati huo nilikuwa na miezi minane tu ya kujifunza, na mtu wa miezi minane hana swali linalomshinda.

Nilikuwa nimestaafu kazi ya karani wa mizigo hapo stesheni. Binti yangu aliyeko Lubumbashi alinipa kompyuta yake ya zamani pamoja na kitabu kinene cha Kifaransa cha kufundisha kuandika programu, akidhani nitacheza karata. Nilikisoma kitabu chote, isipokuwa maelezo ya herufi ndogo chini ya kurasa. Niliamua kwamba herufi ndogo ni za vijana wenye macho.

Tuliweka modem, kisanduku kinachogeuza sauti ya redio kuwa maandishi, hapa Kamina na kule Luena, ambako kaka mdogo wa yule mama ndiye anayeshika redio na kupitisha habari za Malemba-Nkulu na za vijiji. Nami nikaandika programu. Katika programu kila kitu kina aina yake. Maneno ni aina, namba ni aina, na hizo mashine inazijua tangu kuzaliwa. Lakini mwandishi anaruhusiwa kubuni aina zake mwenyewe. Salamu niliziacha ziwe maneno ya kawaida. Kwa kifo nilibuni aina mpya, nikaiita Msiba. Ilikuwa na vyumba vinne: jina la marehemu, siku aliyokufa, jina la mwenye msiba, na jina la mtu wa kuambiwa kwanza. Ikifika, kompyuta ingepiga kengele ndogo na kusubiri neno la siri. Neno la siri alikuwa nalo yule mama, nami nilikuwa na langu.

Neno langu lilikuwa na sababu. Mama yake mzazi, mzee sana, mwili umebaki mifupa, alikuwa mgonjwa huko Luena, amelala kwa mtoto wake wa kiume, yule wa redio. Yule mama alikuwa ameenda kumwuguza mara mbili, na mara zote mbili mgonjwa alimfukuza arudi kazini, akimwambia aje atakapoitwa.

"Siku ya mama ikifika," aliniambia, "minyi sitaki nisome mwenyewe. Weye njo utafungua, na weye njo utakuya kuniambia. Baba nilimukosa. Mama sitamukosa."

Baba yake alimkosa katika miaka ile watu wa Kasai walipofukuzwa hapa Katanga, walipolala wiki nzima kandokando ya reli wakingoja mabehewa. Yeye alikuwa msichana, akatangulizwa kwenye behewa la mbele pamoja na wadogo zake. Baba alifia nyuma, akazikwa na watu wasiojua jina lake. Miaka ilipopita waliobaki walirudi, wakakaa Luena. Aliponisimulia nilimwambia kwamba siku zile nazikumbuka vizuri. Sikumwambia nilizikumbuka kutoka upande gani wa dirisha. Nilikuwa pale pale stesheni, nyuma ya mizani, ninapima mafurushi yao na kuwarudisha wale ambao vitu vyao havikuwamo kwenye kitabu changu.

Basi nilikubali. Nilisema neno zito kama hilo kwa wepesi wa mtu anayeahidi kurudisha nyundo ya jirani.

Programu ya kwanza ilifanya kazi. Najua hivyo kwa sababu niliijaribu. Ili kujaribu Msiba nilihitaji marehemu, na kwa kuwa mimi ni mtu wa sayansi nikaandika jina langu mwenyewe. Kengele ililia, nikaweka neno la siri, na kioo kikanitangaza kuwa nimekufa, bila kosa hata la herufi moja. Nilikuwa bado najipongeza mke wangu alipoingia na chakula cha mchana, bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo. Kusoma kwake si kwingi, lakini jina la mume wake analijua. Aliweka sahani chini, akatoka. Jioni niliwakuta dada zangu watatu uani, wamekaa chini, vilemba vimefunguliwa, na mkubwa wao akaniuliza kama nimechoka kuishi niwaambie mapema wajipange.

Nilijaribu kuwaeleza maana ya majaribio. Dada yangu aliuliza kama kitabu cha wazungu kinaamuru mtu ajiue ndipo mashine iamini. Haikuisha mpaka nilipoapa, mkono juu ya rozari ya marehemu mama yetu, kwamba sitaandika tena jina la mtu aliye hai mahali pa marehemu. Niliuliza kama naweza kutumia jina la mtu aliyekwisha kufa.

"Umuamushe ya nini?" mke wangu akasema. "Alikukosea nini?"

Kwa hiyo wazima walikatazwa, na wafu walikatazwa. Nilicheka, nikaona si kitu, maana programu ilikwisha kufanya kazi.

Ilikuwa na ila moja tu. Ujumbe wa redio huja taratibu, herufi kwa herufi, na wakati unakuja kompyuta ilikuwa inaganda. Yule mama alibonyeza, akabonyeza, kisha akaniambia mashine yangu inalala macho wazi kama polisi. Nilimpigia binti yangu simu. Akasema programu yangu ni karani mmoja anayefanya kazi mbili; niigawe iwe nyuzi mbili, uzi mmoja usikilize redio, mwingine uhudumie kioo. Aliniuliza kama nataka aje anisaidie wakati wa likizo. Nilimwambia aendelee na kazi zake.

Hapa nieleze kosa langu, na nitalieleza kwa lugha ya mizigo kwa sababu ndiyo iliyonipa mshahara. Karani akiwa mmoja, anapokea kitu kwa mkono wa kulia na kukitoa kwa mkono wa kushoto. Hakuna anayeuliza ni kitu gani. Vivyo hivyo abiria aliyebeba furushi lake kichwani hupita stesheni nzima bila kuulizwa. Lakini makarani wakiwa wawili, kila mmoja na meza yake, yule wa redio hawezi kumpa mwenzake mkononi. Anaita kazi ya mwenzake kwa mbali, anaacha kitu kwenye foleni, anarudi kwenye redio bila kungoja jibu. Na mashine haiweki kwenye foleni kitu chenyewe, inaweka nakala. Ili itengeneze nakala lazima iijue aina ya kitu hicho, ukubwa wake, jinsi ya kukinakili na jinsi ya kukiharibu kikishatumika. Inaijua kwa njia moja tu: uwe umeiandikisha aina hiyo programu inapoanza. Maneno ya kawaida yameandikishwa na waliotengeneza mashine. Msiba niliubuni mimi, na aliyepaswa kuuandikisha ni mimi.

Mtu aliyekaa miaka thelathini stesheni akiwaambia watu kwamba kisichokuwamo kitabuni hakiingii ghalani, ndiye aliyepeleka ghalani kitu kisichokuwamo kitabuni. Kitabu cha Kifaransa kilikuwa kimenionya. Kwa herufi ndogo.

Nilipomaliza kugawa nyuzi nilijaribu kila kitu. Nilimwomba kaka wa Luena atume salamu, zikaja. Akatuma habari za samaki, zikaja, na kioo hakikuganda. Yule mama alipiga makofi. Msiba sikuujaribu, kwa kuwa nilikuwa nimeapa. Ningeweza kubuni jina la mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, lakini akili hiyo ilinijia baadaye, kama zinavyonijia akili zangu zote.

Wala nisiisingizie mashine kwamba ilinyamaza. Kila mara uzi wa redio ulipojaribu kuacha Msiba kwenye foleni, wito ulirudi na jibu la "sivyo", na programu yangu haikuuliza jibu lilikuwa nini. Kisha mashine iliandika mstari mzima: haiwezi kuweka kwenye foleni kitu cha aina ya Msiba, hakikisha aina hiyo imeandikishwa. Iliuandika kwenye kile kidirisha cheusi chenye herufi nyeupe. Yule mama alikuwa amelalamika kwamba kidirisha hicho kinawatisha wateja, wanadhani serikali inawasikiliza. Nami nilikuwa nimekifunika ili nyumba ipendeze.

Kulikuwa pia na adabu yangu. Nilikuwa nimeufundisha uzi wa redio kumjibu mtumaji "Imepokelewa" mara tu maandishi yanapoingia, kabla ya kumpa mwenzake. Neno hilo lilikuwa fahari yangu. Nilisema phonie za zamani hazikuwa na heshima ya kumjibu mtu.

Hivyo ndivyo kifo kilivyopata likizo.

Siku moja asubuhi treni iliingia, na baada ya muda kaka mdogo wa yule mama akasimama mlangoni. Nilikuwapo, ninafuta vumbi kwenye kompyuta kwa kitambaa. Alikuwa amenyoa kichwa chote. Hakusalimia. Alimtazama dada yake aliyekuwa amevaa blauzi ya maua.

"Yaya," akasema, kama anavyomwita dada yake mkubwa, "blauzi ni ya muzuri. Tulikungojea siku tatu. Siku ya ine mama hakuweza tena kungoja."

Dada yake hakuelewa. Nilimwona anaangalia uso wa kaka, kisha kichwa, akabaki pale kwenye kichwa. Kisha akaenda chini kwenye saruji kati ya kiti na meza. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia keti.

Kaka alipoona hivyo ndipo naye alipoelewa, na hasira ikamwacha amesimama na mikono isiyojua pa kwenda. Alisema alidhani dada yake anajua. Alitoa mfukoni karatasi alimoandika, kwa kalamu, siku na saa aliyotuma, na mbele yake lile neno langu: Imepokelewa. Mama yao alikuwa amezikwa siku kumi na moja zilizopita. Ukoo wa Luena ulikuwa umekwisha kusema kwamba binti amekuwa mtu wa mjini, amepata habari na hakutaka kuja.

Yule mama aliichukua karatasi, akaisoma, akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku.

"Muzee, ilipokelewa na nani?"

Nilikifungua kile kidirisha cheusi. Mistari ilikuwa saba, mmoja kwa kila kifo. Kaka mtu aliniomba nimsomee, nikamsomea, akaniomba tena nimsomee. Kisha aliuliza ingechukua kazi gani kuzuia jambo hilo. Nilitamani sana kumwambia ni kazi ya wiki mbili. Ni mistari miwili. Mmoja wa kuitangaza aina, mmoja wa kuiandikisha. Niliiandika pale pale mbele yao, nikaiwasha mashine upya, tukangoja. Nilikuwa bado na tumaini la kijinga kwamba ile misiba saba itatoka mahali ilikojificha. Hakuna kilichotoka. Kisichoingia foleni hakikungoji popote.

Nyumba sita nyingine nilizizunguka kwa miguu. Huko habari zilikuwa zimefika zenyewe, kwa baiskeli na kwa treni, zimechelewa lakini zimefika. Walinisikiliza kwa upole ambao ulikuwa mgumu kuubeba. Mzee mmoja alinipa kiti na maji, akasema mashine ni mashine. Nilimwambia kwamba mashine ilisema ukweli, aliyefunika ukweli ni mimi. Akasema basi kunywa maji.

Yule mama hakutaka niombe msamaha kwake. Alisema aliyechafuliwa jina ni yeye, na jina lake limechafukia Luena, kwa hiyo nikalisafishe Luena. Tulipanda treni watatu. Ilisimama porini nusu siku bila kutuambia sababu, nami nilikuwa na muda wa kutosha kutayarisha hotuba nzuri juu ya nyuzi na foleni.

Ukoo ulikaa uani, kwenye mkeka na viti vya kuazima. Nilisimama. Nilianza na karani mmoja, nikaja kwenye makarani wawili, nikaeleza nakala, nikaeleza aina. Nilikuwa najisikia naeleza vizuri. Shangazi yao mkubwa, mwanamke mdogo wa mwili, meno mawili, alininyooshea kiganja ninyamaze.

"Baba, ngoja. Mashini ilimukataa marehemu sababu hakukuwa kwa kitabu?"

Sikumsahihisha. Nilisema ndiyo.

"Na kitabu, nani alikuwa anaandika?"

"Mimi, mama."

"Sasa sema vile. Acha nyuzi, hapa hatushone nguo."

Nikasema vile. Nilisema binti yenu hakupata habari, kwa sababu mimi niliharibu, na lile neno lililosema imepokelewa ni langu, si lake. Haikuchukua hata dakika moja. Shangazi alimwita yule mama akae karibu naye, akamfunga kilemba cha msiba kwa mkono wake mwenyewe, na hapo ndipo wanawake walipoanza kulia, kwa utaratibu, kama inavyotakiwa, wiki tatu baada ya siku yake.

Kabla ya kurudi Kamina yule mama alimwambia kaka yake kitu ambacho mimi sikukitegemea. Alimwomba autume tena.

"Nini?" kaka akauliza.

"Msiba ya mama. Utume namna uliutumaka. Minyi bado haunifikie."

Tulirudi, na asubuhi ya siku ya pili yake nilikaa peke yangu mbele ya kompyuta. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba, anaanika mihogo. Nilisikia redio ikikoroma kwa muda mrefu, herufi kwa herufi, na kioo hakikuganda. Kisha kengele ndogo ikalia. Najua naye aliisikia, kwa sababu sauti ya mihogo ikitupwa kwenye turubai ilikoma.

Niliweka neno langu la siri. Aina iliyoandikishwa ilifunguka vyumba vyote vinne. Marehemu: mama yake. Siku: siku ya kweli. Mwenye msiba: yeye. Mtu wa kuambiwa kwanza: mimi. Kaka yake alikuwa ameandika jina langu tangu mara ya kwanza. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hata yeye aliijua ahadi yangu.

Nilizunguka nyumba. Alikuwa amesimama, mikono myeupe kwa mihogo, ananiangalia nikija.

"Mama," nikasema, "keti."

Alivuta kigoda, akaketi. Nami nikachuchumaa mbele yake kwa magoti yangu haya mabaya, nikamsalimia kwanza, nikamuuliza amelalaje. Kisha nikamwambia polepole, tangu mwanzo. Nilipomaliza aliniuliza mama alikufa siku gani, nami nikaitaja.